Dakika 15 za Rangi: Namna ya Kutumia Michoro ya Anime Kuwapumzisha Wanafunzi wa Sekondari

Mwezi wa Oktoba ndio wenye joto kali zaidi hapa Lubumbashi. Mijakaranda imechanua, mvua bado haijashika, mabati yanawaka, na ifikapo kipindi cha tano darasa la wanafunzi 45 huwa limechoka kiasi kwamba mwalimu wa hesabu anawaandikia ubaoni watu wanne au watano tu walio bado pamoja naye. Katika darasa la namna hiyo ndimo nilimoanza kutumia robo saa ya kutia rangi michoro ya anime, yaani zile katuni za Kijapani ambazo vijana wetu huzitazama kwenye simu usiku na kuzichora nyuma ya kaye zao, yaani daftari, mchana. Mwongozo huu unaeleza jinsi ninavyoiendesha robo saa hiyo sasa, wala hauyafichi makosa ya mwanzo, kwa sababu karibu kila kanuni iliyomo humu ilizaliwa na kosa.

Kabla ya kununua kalamu hata moja, mwalimu anapaswa kujua anatafuta nini. Mwanafunzi aliyetoka kwenye vipindi viwili vya aljebra amechoshwa na kuamua: aanze na mlinganyo upi, ahamishe nini upande wa pili, jibu lake linaaminika au la. Mapumziko yatakayomfaa ni yale yasiyomdai uamuzi mwingine mkubwa. Ukimpa karatasi tupu na kumwambia achore chochote anachopenda, unadhani umempa uhuru, kumbe umemwongezea mzigo, na utamwona dakika tano nzima ameuma kalamu akitazama dirishani.

Jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Nancy Curry na Tim Kasser, walichapisha jaribio lililowahusisha wanafunzi 84 wa chuo. Waliwatia wasiwasi kidogo kwanza, kisha wakawagawa katika makundi matatu: kundi moja lilitia rangi mandala, ambayo ni mchoro wa duara wenye mapambo yanayojirudia, la pili lilitia rangi mchoro wa mirabaraba kama ya kitambaa, la tatu lilipewa karatasi tupu. Wasiwasi wa makundi mawili ya kwanza ulishuka kwa kiasi kinachokaribiana, ilhali waliopewa karatasi tupu hawakupata nafuu kama hiyo. Naam, mandala si anime, na hatua ya kutoka kwenye ile kwenda kwenye hii ni hoja yangu kama mwalimu. Lakini somo kwamba mistari iliyokwisha kuchorwa humtuliza mtu kuliko ukurasa mweupe nimelishuhudia darasani mara nyingi mno hata siwezi kulipuuza.

Kuna jaribio jingine ambalo wanafunzi wenyewe hupenda kunitajia tangu nilipowasimulia, la mwanasaikolojia Jackie Andrade wa Uingereza, aliyewasikilizisha watu 40 ujumbe wa simu wenye kuchosha na kukuta kwamba wale waliokuwa wakijaza vimaumbo kwa penseli huku wakisikiliza walikumbuka asilimia 29 zaidi kuliko wenzao. Wanalitumia kuniomba ruhusa ya kutia rangi wakati wa somo la kemia. Siwaruhusu. Ujumbe ule ulikuwa wa mwaliko wa karamu, wala haukuwa na kanuni ya kusawazisha mmenyuko, na mkono unaojaza rangi hauwezi kuandika maelezo.

Kwa nini anime

Sababu rahisi ni kwamba vijana wanaipenda, na mwanafunzi wa miaka 17 ambaye angeona aibu kutia rangi picha ya bata au ya ua hatasita mbele ya shujaa mwenye nywele zilizosimama na upanga mgongoni. Sababu iliyo muhimu zaidi kwangu imo katika namna michoro hiyo inavyotengenezwa. Mchora katuni Osamu Tezuka alipoanzisha mfululizo wake wa televisheni nchini Japani tarehe 1 Januari 1963, kipindi kimoja kila wiki, hapakuwa na muda wala fedha za kuchora kila kitu kwa ufundi wa hali ya juu, na desturi iliyokua tangu hapo ikashikilia mistari safi, maeneo yaliyofungwa, na rangi chache zilizolala bila kuchanganywa. Kwa miaka mingi, kabla ya kompyuta kuchukua kazi hiyo, mistari ilihamishiwa kwenye karatasi angavu za seluloidi, kisha wapakaji wakajaza rangi upande wa nyuma, eneo kwa eneo. Mpakaji hakuchagua rangi. Palikuwa na mtu mwingine studioni, ambaye kazi yake Wajapani huiita iro shitei, aliyekuwa ameamua tayari kwamba koti ni rangi fulani, kivuli cha koti ni rangi fulani, na kila eneo likapewa alama yake.

Mgawanyo huo wa kazi ndio ninaouazima. Mwalimu, au wanafunzi wawili waliojitolea siku iliyotangulia, wanakuwa wateuzi wa rangi. Darasa zima linakuwa wapakaji. Mwanafunzi akiketi na karatasi yake hakuti swali lolote la kumchosha, ila mistari inayomngoja.

Kuandaa karatasi

Tumia nusu ya karatasi ya A4. Ukubwa huo unatosha picha ya mhusika kuanzia kifuani hadi utosini, na kwa darasa la wanafunzi 45 unahitaji karatasi 23 tu kwenye kibanda cha fotokopi. Mara ya kwanza mimi nilichapisha ukurasa mzima wenye mashujaa sita wakipigana, moshi, mawe yanayoruka na nyota za kila ukubwa. Ulipendeza sana, na hakuna aliyemaliza hata kona moja; matokeo yake picha hizo ziliendelea kutiwa rangi chini ya madawati katika vipindi vitatu vilivyofuata, na mwenzangu wa fizikia alinijia mlangoni akiwa na rundo zima mkononi, hakusema neno.

Tangu siku hiyo nahesabu maeneo yaliyofungwa kabla ya kupeleka mchoro fotokopi. Kati ya 15 na 25 panatosha: uso, shingo, masikio, macho mawili yenye sehemu zake, nywele zilizogawanywa katika mafungu manne au matano, kola, shati, mkanda wa begi. Eneo lolote ambalo ncha ya kalamu ya rangi haiingii bila kuvuka mstari liunganishwe na jirani yake au lifutwe. Mistari iwe minene kiasi, maana mashine nyingi za vibandani zimechoka na mstari mwembamba hutoka umekatikakatika.

Kalamu za wino wa rangi zinahitaji tahadhari. Karatasi ya kawaida ya fotokopi, ile ya gramu 80, huzipenyeza hadi upande wa pili na kuchafua dawati.  Kalamu za rangi za mbao hazina taabu hiyo.

Swali la wapi pa kupata michoro lina majibu mawili. Intaneti imejaa kurasa za wahusika mashuhuri zilizo tayari kutiwa rangi, na mwanafunzi mwenye mega za kutosha atakuletea ishirini kwa usiku mmoja. Wahusika hao wana wenyewe, na kutumia ukurasa mmoja darasani si sawa na kuurudufisha na kuuza langoni, jambo ambalo mwanafunzi wangu mmoja mwenye akili ya biashara alilijaribu kwa siku mbili. Jibu la pili ndilo ninalolipendelea. Katika kila darasa wapo wawili au watatu ambao kurasa za mwisho za kaye zao zimejaa macho makubwa na nywele za miiba. Waite, wape karatasi nzuri na kalamu nyeusi, uwaombe mhusika wa kubuni ambaye hayumo katika mfululizo wowote. Nilimpata hivyo msichana wa darasa la mwisho ambaye hakuwahi kunyosha mkono mwaka mzima. Mhusika wake alikuwa mchezaji wa mpira mwenye mistari myeusi na myeupe ya TP Mazembe na kovu kwenye nyusi, na kwa wiki tatu darasa lilimngoja mchezaji yule kama linavyongoja kengele.

Michoro ya kubuni huondoa pia tatizo la maudhui. Baadhi ya picha zinazozunguka kwenye simu zina mavazi yasiyofaa darasani au damu nyingi kupita kiasi, na mwalimu apitie kila mchoro mwenyewe kabla haujafika kwa wanafunzi. Wako pia wazazi wanaoyaona yale macho makubwa na zile alama za paji la uso kuwa mambo ya kishetani. Mama mmoja alikuja kuniuliza kwa upole, lakini akiwa na wasiwasi wa kweli, ni dini gani ninayomfundisha mwanawe. Nilimwonyesha karatasi, nikamweleza kazi inavyokwenda, akaomba achukue moja kwa ajili ya mdogo wake yule kijana. Ni vizuri kumweleza prefe wa masomo, yaani mkuu wa shule, na wazazi mapema kuliko kungoja waikute picha ndani ya begi.

Kalamu, na kanuni ya rangi tatu

Boksi moja la rangi 12 hutosha wanafunzi watano, kwa hiyo darasa la 45 linahitaji maboksi tisa. Yaweke kwenye makopo ya maziwa ya unga, kopo moja kwa kila kundi, na mpe mtu mmoja wa kundi jukumu la kuhesabu kalamu wakati wa kufungua na wakati wa kufunga. Zichongwe siku iliyotangulia. Kichongeo kimoja kinachozunguka darasa zima hula dakika sita kati ya kumi na tano, nami sikubali wembe mezani hata kama mwenye nao anaapa kwamba ana mkono mzuri.

Kila kundi litumie rangi tatu tu kwa siku moja, pamoja na nyeusi. Kanuni hii huzua manung'uniko siku ya kwanza na hukubalika siku ya tatu. Inapunguza ugomvi wa nani ameshika buluu, inamwondolea mtu uamuzi, na kwa bahati nzuri inaifanya picha ipendeze zaidi, kwa sababu rangi chache zinazorudiarudia hushikamana machoni. Andika ubaoni: leo ni kahawia, chungwa na zambarau. Kesho ziandikwe nyingine.

Dakika zenyewe

Nafasi bora ni baada ya vipindi vitatu vinavyofuatana vya masomo mazito, kabla ya somo la lugha au historia. Robo saa hii isichukue nafasi ya mapumziko ya kawaida. Kijana anahitaji kukimbia, kunywa maji, kununua biskuti na kupiga kelele uani, na hakuna rangi itakayomfanyia hayo. Kwa madarasa ya zamu ya mchana, ambayo huingia mji ukiwa umeshapata moto, naiweka mapema zaidi, mara tu baada ya kipindi cha pili.

Dakika mbili za kwanza ni za kugawa karatasi na makopo. Kisha zinafuata kumi au kumi na moja za kazi, na mbili za kukusanya. Weka saa mahali inapoonekana, au mpe mwanafunzi mmoja kazi ya kusema "bado tatu". Onyo hilo la dakika tatu ni la lazima, kwani mtu aliyekatizwa ghafla katikati ya jicho hubaki na hasira, na hasira hiyo itaangukia somo linalofuata. Anayejua kwamba zimebaki tatu huchagua mwenyewe mahali pa kusimama.

Picha haipaswi kumalizika kwa siku moja. Ninawaambia wazi: leo ni nywele peke yake, kesho ngozi, keshokutwa nguo, na siku ya nne macho. Karatasi zinakusanywa, zinahifadhiwa kwenye mfuko wa plastiki, na zinarudi mezani safari nyingine. Mfuko una sababu mbili za Lubumbashi: mvua inayoingia kwa pembeni kuanzia Novemba, na vumbi jekundu la kiangazi ambalo hukaa juu ya rangi na haling'oki.

Kosa langu kubwa kuliko yote lilikuwa kusahihisha. Siku ya pili kabisa kijana mmoja aliniuliza, "Bwana mwalimu, hii iko na pointi ngapi?" Nami, kwa mazoea ya kazi, nikajibu kumi. Darasa lilibadilika papo hapo. Wenye mkono mzuri walianza kujivuna, wenye mkono mzito wakaficha karatasi, wawili wakagombania kalamu ya njano hadi ikavunjika, na mwisho wa robo saa watu walikuwa wamechoka kuliko walivyoanza. Ilinichukua wiki mbili kuwaaminisha kwamba nimeifuta ile alama. Basi hakuna pointi, hakuna picha bora ya wiki, hakuna kusifu moja kwa sauti mbele ya nyingine. Mwalimu apite kati ya madawati bila kalamu nyekundu mkononi, au bora zaidi aketi atie rangi yake mwenyewe. Mimi hutia vibaya, na hilo limewasaidia wengi.

Asiyetaka kutia rangi asilazimishwe. Anaweza kuinamisha kichwa juu ya dawati na kulala hizo dakika kumi. Mazungumzo ya chini yaruhusiwe. Ukimya wa mtihani hauhitajiki hapa. Simu zibaki mifukoni, kwa sababu anayetafuta picha ya kulinganisha ataishia kutazama kipindi kizima.

Kutia rangi kwa mtindo wa anime

Hapa ndipo penye utamu, na hapa ndipo wanafunzi wa sekondari wanapotofautiana na watoto wa msingi, kwa kuwa wao wanataka picha ifanane na ile waliyoiona. Siri ni moja: katika anime, kivuli kina mpaka. Hakififii taratibu kama kwenye picha ya kamera. Kinaanza mahali fulani kwa mstari ulio wazi, upande mmoja rangi ya msingi, upande wa pili rangi hiyohiyo iliyokolezwa. Wachoraji wa studio za Japani huuchora mpaka huo kwa kalamu ya rangi kabla rangi haijatiwa, mara nyingi buluu kwa kivuli na nyekundu kwa mng'ao, ili mpakaji ajue pa kuishia.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuamua mwanga unatoka wapi. Lielekee dirisha la darasa na useme: mwanga unatoka kule, picha zote za leo. Kwa penseli iliyoshikwa kwa ulegevu, kila mmoja achore mpaka wa kivuli chini ya kidevu, chini ya nywele za paji la uso, upande mmoja wa pua na ndani ya mikunjo ya shati. Kisha rangi ya msingi ijazwe eneo zima kwa mkono mwepesi, kwa mistari inayokwenda upande mmoja. Mwisho rangi hiyohiyo irudiwe kwa kukandamiza zaidi upande wa kivuli. Aliyekandamiza tangu mwanzo ameshafunga mlango, kwa sababu nta ya kalamu hujaza vinyweleo vya karatasi na tabaka la pili huteleza juu yake.

Ngozi inastahili siku nzima. Kurasa nyingi za mtandaoni zimefikiriwa kwa uso mweupe au wa waridi, na mwanafunzi akiachwa peke yake atauacha uso bila rangi, kana kwamba hiyo ndiyo hali ya kawaida ya binadamu. Nilimwuliza mmoja kwa nini mhusika wake aliyevaa sare ya shule zetu, shati jeupe na sketi ya buluu, ana uso wa karatasi. Alicheka, akasema boksi halina rangi ya ngozi. Lina. Anza na chungwa, jepesi sana, eneo zima. Pitisha kahawia juu yake kwa mkono wa wastani hadi chungwa ibaki ikionekana kwa chini kama joto. Kisha upande wa kivuli weka tabaka la pili la kahawia na, juu yake, zambarau kidogo. Usitumie nyeusi kwa kivuli cha ngozi, maana huifanya ionekane chafu na kuua ule wekundu wa ndani. Kwa ngozi iliyokolea zaidi, anza na kahawia badala ya chungwa na uweke buluu iliyokolea mahali pa zambarau. Acha alama ndogo isiyokandamizwa juu ya shavu na ncha ya pua, hapo ndipo mwanga unapogonga. Watu wa dawati moja wanaweza kulinganisha mikono yao na karatasi, na hapo hugundua kwamba kahawia si moja.

Nywele za anime zina mkanda wa mng'ao unaozunguka kichwa, ambao Wajapani huuita kwa jina lenye maana ya pete ya malaika. Uache mkanda huo mweupe tangu mwanzo, wenye kingo za menomeno kama msumeno, kisha jaza juu yake na chini yake. Kwa nywele zilizosukwa, mkanda haupiti moja kwa moja: kila msuko unapata kidoa chake kidogo, vyote vikiwa katika usawa mmoja. Kwa nywele za duara zilizochanwa juu, usiweke mkanda. Koleza ukingo wa upande wa kivuli kwa vimistari vifupi vilivyopinda, na katikati uache kahawia ionekane ndani ya nyeusi.

Macho yawe ya mwisho, wakati mkono umeshapata moto. Lile duara kubwa la jicho hukolea juu, karibu na kope, na kupauka kuelekea chini. Hivyo rangi moja inatosha kwa kubadilisha mkandamizo wa kalamu. Mboni iwe nyeusi, na kidoa cheupe cha mwanga kiachwe upande ule ule ambako mwanga unatoka, katika macho yote mawili. Anayekiweka pande tofauti humpata mhusika mwenye makengeza. Weupe wa jicho nao una kivuli chembamba chini ya kope la juu. Kitie kwa samawati hafifu, na jicho litaingia mahali pake.

Nguo nyeupe na nyeusi huwashinda wengi. Shati jeupe halitiwi rangi isipokuwa kwenye kivuli chake, ambacho ni samawati nyepesi. Nguo nyeusi hutiwa buluu iliyokolea kwanza, kisha nyeusi juu ya sehemu kubwa, buluu ikibaki kwenye migongo ya mikunjo. Hivyo ndivyo yule mchezaji wa Mazembe alivyopata jezi inayoonekana kama kitambaa na si kama shimo. Anayetaka kumvika mhusika kikwembe, yaani kitenge, achague ua moja tu na alirudie, kwani ua halisi la kikwembe litakula wiki nzima.

Siku ya kijani mimi huja na kipande cha malakaiti. Kila mtu hapa anayajua mawe yale, yanauzwa yakiwa yamechongwa kuwa vibweta na shanga. Ni madini ya shaba, na mirabaraba yake ya kijani iliyokolea na iliyopauka inakaribia kabisa kuwa mchoro wa anime, yenye mipaka mikali kati ya toni na toni. Wachache wanajua kwamba wachoraji wa jadi wa Japani walisaga malakaiti kuwa unga na kuupaka kama rangi ya kijani, inayoitwa rokusho. Jiwe linapita mkono kwa mkono huku watu wakitia rangi, na siku hiyo simsikii yeyote akilalamika kwamba kijani ni moja tu kwenye boksi.

Zikikosekana kalamu za rangi

Kalamu moja nyeusi ya biki inatosha. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji katika mji huu, ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville, na kati ya waliofanya kazi humo kila mmoja alikuwa na mkono wake: Bela alipaka kwa ncha za vidole, Pilipili Mulongoy alijaza mandhari yake kwa vijipambo vinavyorudiwa, na Mwenze Kibwanga alijenga wanyama na watu kwa mistari mifupi iliyolala sambamba. Njia ya Mwenze inafaa sana kwa biki. Mistari yenye nafasi kati yake ni rangi ya msingi, mistari iliyokaribiana ni kivuli, na penye mng'ao hapachorwi kitu. Vidoti vya Bela vinafaa kwa ngozi, na vijipambo vya Pilipili kwa nguo. Darasa langu moja liliikataa rangi kabisa baada ya kujifunza haya, likaomba biki tu hadi mwisho wa muhula.

Wale wa darasa la mwisho wanaosoma nyumbani kwa ajili ya mtihani wa taifa wanaweza kufanya vivyo hivyo peke yao: dakika 50 za kusoma, kumi za kujaza eneo moja, karatasi inageuzwa chini, kisha kusoma tena. Wafanye hivyo mchana. Umeme ukikatika usiku, mshumaa hubadilisha rangi zote, na asubuhi utakuta mhusika mwenye nywele za kijani ulizodhani ni buluu.

Picha zikishamalizika, zirudishwe kwa wenyewe bila sherehe. Wengi huzibandika kwenye jalada la kaye, wengine huwapelekea wadogo zao, na zisizodaiwa mimi huzigeuza upande wa nyuma, ulio mweupe, zikatumika kama karatasi za kupigia hesabu kwenye kile kipindi cha tano.